Mwani wa Maji Baridi Kama Shahidi: Somo la Kupima Ukali wa Maji ya Jaa la Taka



Mvua ikinyesha Nairobi, jaa la taka la Dandora hutoa maji yake. Ni maji meusi, yenye povu na harufu ya kuchachuka. Yanachuruzika kutoka chini ya mlima wa taka na kuteremka hadi Mto Nairobi, unaopita papo hapo kando. Jaa hilo lilianza kutumiwa mwaka 1975 kwenye machimbo ya zamani ya mawe, na chini hakukutandikwa kitu cha kuzuia maji. Kwa hivyo mvua inayoingia juu hupenya maganda ya viazi, betri, mikebe ya rangi, mafuta ya gari, dawa zilizopitwa na wakati, na mengine ambayo hata hatuyajui. Kisha inatoka chini ikiwa mchuzi wa hayo yote. Katika somo hili tutauita mchuzi huo maji ya jaa.

Ng'ambo ya mto ni Korogocho. Ukiufuata mto kuteremka utakuta watu wakilima sukuma wiki na nduma kwa maji hayo hayo ya mto. Swali lao ni la kawaida kabisa: haya maji ni mabaya kiasi gani, na ubaya wenyewe unafika wapi?

Leo tutasoma njia moja ya kujibu swali hilo, nayo ni kukiuliza kimea kidogo sana kinachoishi majini. Ni njia nzuri, na hata mwalimu wa shule ya upili anaweza kuonyesha mfano wake darasani. Lakini ina mitego. Mmoja wao unaweza kukufanya uwaambie majirani kwamba maji ni salama, na kumbe sivyo. Huo ndio utakaotuchukua muda mrefu zaidi.

Mbona tusipeleke tu maji maabara?

Tupeleke, ndiyo. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaja viwango vya maji machafu yanayoruhusiwa kumwagwa nje. Madini ya risasi, yale ya betri za gari, yasizidi miligramu 0.01 kwa lita. Kiwango cha uchachu, yaani pH, kiwe kati ya 6.5 na 8.5. Orodha ni ndefu.

Shida ya kwanza ni kwamba maabara hukujibu ulichouliza. Ukilipia kupimiwa risasi na zebaki, utajibiwa risasi na zebaki. Dawa ya kuua magugu ambayo hukuitaja haitatokea kwenye karatasi. Shida ya pili ni mchanganyiko. Kila kanuni inapima kitu kimoja kimoja, lakini kiumbe cha mtoni hakikutani na kitu kimoja kimoja. Kinakutana na sufuria nzima. Mama wa nyumbani anaelewa jambo hili upesi: unaweza kujua chumvi ni kijiko kimoja na pilipili ni mbili, lakini mpaka uonje ndipo utajua mchuzi umekuwaje.

Basi mwani ndio muonjaji wetu. Tukisema mwani hatumaanishi ule mrefu wa baharini ambao akina mama wa Kwale wanaulima. Tunasema ule utando wa kijani unaoota ndani ya tangi la maji lisilofunikwa, au kwenye birika la ng'ombe. Kila chembe ya mwani huo ni mmea kamili, na ni ndogo hata jicho haliioni. Inajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na yenyewe inaliwa na vidudu, vidudu vinaliwa na samaki. Ukiua mwani umewatoa chakula wote walio juu yake.

Tena mwani huzaliana haraka. Ukiwa na mwanga na chakula cha kutosha, chembe moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mara kadhaa ndani ya siku tatu. Kwa hivyo siku tatu kwake ni vizazi vingi, na sumu inayozuia kuzaliana itaonekana mara. Shaba na zinki huugusa mwani mapema sana. Dawa za kuua magugu nazo, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kuharibu kazi ile ile ya mmea kutumia mwanga. Samaki anaweza kukaa siku nne ndani ya dawa ya namna hiyo asionyeshe kitu, huku mwani umekwisha.

Kipimo chenyewe

Maabara nyingi duniani hutumia aina moja ya mwani, umbo lake kama mwezi mwandamo, uitwao Raphidocelis subcapitata. Ulichukuliwa kutoka Mto Nitelva nchini Norway mwaka 1959, na mpaka leo unakuzwa chupani na kugawiwa kutoka maabara hadi maabara. Vitabu vya zamani huuita Selenastrum capricornutum, kwa hivyo ukikuta majina mawili usidhani ni mimea miwili. Mwongozo unaofuatwa na wengi ni ule wa shirika la OECD, namba 201, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1984.

Kazi huanzia kwenye kuchota. Chota maji ya jaa kabla hayajaingia mtoni, pahali yanapochuruzika. Vaa viatu vya gamu na glovu nene, kwa sababu kwenye majaa kama haya sindano za hospitali hazikosekani, na usiwatume watoto. Jaza chupa mpaka juu kabisa bila kubakisha hewa, funika, iweke kwenye barafu na gizani, na uifikishe upesi, ikiwezekana ndani ya siku mbili. Andika tarehe na kama mvua ilikuwa imenyesha. Maji ya Februari na maji ya Aprili si kitu kimoja hata yakitoka shimo moja, na aliyechota mara moja tu amejua habari ya siku moja tu.

Maabara huyachuja maji hayo kuondoa takataka na vijidudu, halafu huyazimua, yaani huyapunguza nguvu kwa maji safi. Chupa ya kwanza inakuwa na nusu maji ya jaa, yaani asilimia 50. Ya pili asilimia 25, ya tatu 12.5, ya nne 6.25, ya tano 3.125. Kila moja ni nusu ya iliyotangulia. Kila chupa hutiwa mbolea kidogo ya namna moja na chembe za mwani kwa hesabu moja, kwa kawaida kama 10,000 kwa kila mililita. Kila kiwango hurudiwa kwenye chupa tatu, maana chupa moja inaweza kudanganya. Pembeni huwekwa chupa za kulinganishia, zenye mwani na mbolea lakini hazina maji ya jaa hata tone. Zote zinakaa kwenye mwanga usiozimwa, joto la nyuzi 21 hadi 24, zikitikiswa, kwa saa 72. Kila siku mtu huhesabu chembe kwa hadubini, kwenye kioo chenye miraba midogo kama kile kinachotumiwa kuhesabu chembe za damu.

Kabla ya kuangalia chupa za sumu, angalia za kulinganishia. Kwa siku tatu mwani wake lazima uwe umeongezeka angalau mara 16. Usipofika hapo, kipimo chote kitupwe. Kama mwani haukukua hata pahali pazuri, utailaumu vipi sumu?

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu, hazikutoka Dandora wala jaa lingine. Chupa zote zimeanza na chembe 10,000. Baada ya siku tatu ile ya kulinganishia ina 640,000. Ya asilimia 6.25 ina 640,000 vile vile. Ya 12.5 ina 320,000. Ya 25 ina 80,000. Ya 50 ina 20,000 tu.

Sasa usikimbilie kutoa na kugawanya. Hesabu ni mara ngapi chembe zimejigawa mara mbili. Kutoka 10,000 hadi 640,000 ni mara sita: 20, 40, 80, 160, 320, 640. Kwenye chupa ya asilimia 25 ni mara tatu peke yake. Tatu ni nusu ya sita, kwa hivyo mwendo wa kukua umepungua kwa nusu. Kiwango hicho kinachopunguza mwendo kwa nusu wataalamu hukiita EC50, na kwenye mfano wetu ni asilimia 25. Kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo maji yalivyo makali. Maji yenye EC50 ya asilimia 5 ni makali mara tano kuliko haya.

Lakini ngoja kidogo. Mtu mwingine atasema, mbona 80,000 si nusu ya 640,000? Ni kweli, ni sehemu moja tu ya nane. Akipima mavuno badala ya mwendo atasema mwani umepungua kwa zaidi ya asilimia 87, na EC50 yake itakuwa ndogo zaidi, takriban asilimia 12.5. Hakuna aliyekosea. Kwa hivyo ukisomewa ripoti, uliza kwanza wamepima mwendo au mavuno. Nimeona ni swali linalowanyamazisha hata watu wenye koti jeupe, na si vibaya kuliuliza.

Namba hiyo tuipeleke mtoni. Weka jerikeni la lita 20 chini ya mchirizi wa maji ya jaa na uhesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 40, mchirizi unatoa nusu lita kila sekunde. Ili maji hayo yafike asilimia 6.25, ambayo kwenye mfano wetu haikuudhuru mwani, kila sehemu moja inahitaji sehemu 15 za maji safi. Yaani mto ulete lita saba na nusu safi kila sekunde kwa ajili ya mchirizi huu mmoja. Mwezi wa Aprili hiyo ni rahisi. Mwezi wa Februari vijito vingi havina maji ya kutosha hata kwa hesabu hiyo. Tena tumesema safi. Mto unaofika Dandora umekwisha kupita katikati ya jiji, na una mizigo yake tayari.

Chupa ya kijani kuliko zote

Sasa tuje kwenye ule mtego. Kwenye mfano wetu tuliacha chupa moja, ile ya asilimia 3.125. Tuseme tumeihesabu tukakuta chembe 900,000. Ni nyingi kuliko chupa ya kulinganishia! Imekuwa ya kijani iliyokolea, inapendeza kuliko zote kwenye meza.

Ukiwa kwenye mkutano wa kijiji na chupa hiyo mkononi, ni rahisi kusema: tazameni, maji ya jaa yakizimuliwa yanakuwa mbolea, basi hayana neno. Na kweli ni mbolea. Taka zinazooza hutoa amonia nyingi, na amonia ina naitrojeni ile ile ambayo mkulima hununua kwenye gunia la CAN. Ndiyo sababu mwani umestawi.

Lakini sumu haijaondoka, imezidiwa tu na chakula. Madini ya risasi yaliyokuwa kwenye maji yangali humo, na mengine yameingia ndani ya mwani wenyewe, akiusubiri mlaji. Tena mwani ukizidi mtoni ni balaa ingine. Mchana unatoa hewa majini, usiku unaivuta. Ukiwa mwingi mno, alfajiri samaki hukosa pumzi na utawakuta wanaelea. Watu wa Ghuba ya Winam kule Ziwa Victoria wanajua habari ya maji kugeuka kijani kwa mbolea na uchafu, na kule mara nyingine kinachostawi ni ile jamii ya kijani-samawati ambayo baadhi yake hutoa sumu yenyewe.

Kwa hivyo ripoti ya kipimo hiki isomwe pande zote mbili. Chupa ambamo mwani umekufa ina habari, na chupa ambamo mwani umenenepa kupita kiasi ina habari vile vile. Mtu akikuletea moja akaficha nyingine, ama hajui kazi ama ana lake.

Mitego midogo midogo

Rangi ni mmoja. Maji ya jaa ni ya kahawia au meusi, nayo huzuia mwanga. Mwani unaweza kudumaa kwa giza tu, si kwa sumu. Kuna njia ya kuhakikisha: weka chupa ndogo ya mwani safi ndani ya chupa kubwa yenye maji ya jaa ya kiasi kile kile, yasigusane. Mwanga unapita kwenye rangi, sumu haipiti. Ukidumaa hapo pia, basi ni kivuli.

Amonia nayo ina tabia mbili. Nimesema ni chakula, na kwa kipimo kikubwa ni sumu. Ukali wake unafuata pH. Kwenye joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7 sehemu iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia moja. pH ikiwa 8 ni kama asilimia 5. pH ikiwa 9 ni zaidi ya theluthi. Sasa mwani unapokua hula gesi ya kaboni iliyo majini, na kwa kufanya hivyo hupandisha pH wenyewe! Chupa moja inaweza kuanza Jumatatu ikiwa pole na kufika Alhamisi ikiwa kali. Ndiyo maana pH hupimwa mwanzo na mwisho, na karatasi isiyoonyesha pH haijakamilika.

Na kama unataka kujua ni nini hasa kimeua, maabara inaweza kurudia kipimo kwa ujanja kidogo. Ikitia dawa iitwayo EDTA inayoshika madini, na mwani ukapona, mkosaji ni madini. Ikipandisha pH na kupuliza hewa ili amonia itoroke, kisha ikarudisha pH na mwani ukapona, mkosaji ni amonia. Ikipitisha maji kwenye makaa maalum ya kuchujia na mwani ukapona, ni kemikali za namna ya dawa, rangi na mafuta. Kwa kikundi kinachotaka kuwadai wahusika wachukue hatua, jibu la namna hii lina nguvu kuliko kusema tu maji ni mabaya.

Mfano wa darasani

Shule isiyo na mwani wa Norway inaweza kuchota maji ya kijani kutoka bwawa safi, ikayaacha dirishani wiki moja na chembechembe chache za mbolea ya DAP, halafu ikayagawa kwenye chupa sita za kioo. Badala ya maji ya jaa, mwalimu atumie maji ya sabuni ya unga au maji yaliyolowekwa kipande cha waya wa shaba. Maji ya jaa yasiingie darasani. Chupa ziwe pahali penye mwanga lakini si kwenye jua kali, na zitikiswe asubuhi na jioni. Baada ya siku tano, ziweke mbele ya karatasi nyeupe, mpange kutoka iliyokolea hadi iliyofifia. Mtakuwa mmeona kanuni yenyewe kwa macho. Lakini matokeo ya dirishani msiyapeleke kortini. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani. Huko utaulizwa nani alichota, saa ngapi, na ni maabara gani iliyotambuliwa na serikali iliyopima.

Mwani hausemi yote

Mwani hauna damu, hauna ubongo, wala hauharishi. Kipimo hiki hakikuambii kama maji yana viini vya kipindupindu. Hakikuambii habari ya mtoto. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa uchunguzi juu ya jaa la Dandora. Watoto 328 wa maeneo ya karibu walipimwa, na nusu yao walikutwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Tangu hapo viwango vimeshushwa zaidi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Risasi hiyo haikupita kwenye maji peke yake. Kuna vumbi, kuna moshi wa taka zinazochomwa. Mwani ungestawi vizuri kwenye maji ambayo yangemdhuru mtoto kidogo kidogo kwa miaka.

Kwa hivyo mkulima akikuuliza, "Mwalimu, mwani umekua, nimwagilie sukuma?" mwambie hivi: mwani umetuonyesha maji haya hayaui mmea wa majini kwa siku tatu. Juu ya sukuma, tupime risasi kwenye majani na kwenye udongo. Wakati tunangoja, tafuta maji ya juu ya jaa kama yapo, au ya mvua.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Karibu nanyi, maji ya jaa au shimo la taka huingilia wapi kwenye kijito? Nani anachota chini ya hapo, na kwa kazi gani?

Mchirizi huo hujaza jerikeni kwa sekunde ngapi wakati wa kiangazi, na ngapi siku moja baada ya mvua kubwa?

Ripoti ikija ikisema EC50 ya mwendo wa kukua ni asilimia 10, kijito chenu kinaweza kuyazimua maji hayo mwezi wa Februari? Fanyeni hesabu pamoja, na mtu mmoja aiandike.